Mganga Hajigangi? Haki ya Nyumbani na Usalama wa Ugenini, Kutoka Kisumu Ndogo

UTANGULIZI

Tarehe 25 Juni 2024 mambo mawili yalitendeka chini ya bendera moja. Mjini Port-au-Prince, ndege iliteremsha polisi wapatao 200 wa Kenya, kundi la kwanza la kikosi cha kimataifa kilichoidhinishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa azimio nambari 2699 la tarehe 2 Oktoba 2023. Mjini Nairobi, siku hiyohiyo, polisi wa taifa hilohilo waliwafyatulia risasi vijana walioandamana kupinga Mswada wa Fedha, na baadhi ya vijana hao waliangukia kwenye lango la Bunge. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa kutokana na maandamano hayo nchini.

Wengi waliotoa maoni yao wakati huo waliyaweka matukio haya mawili bega kwa bega, wakaona kinaya. Lakini kinaya ni mbinu tu ya kusimulia. Hakitwambii iwapo mambo mawili yaliyowekwa pamoja yana uhusiano wowote wa ndani. Yawezekana kabisa taifa likawa na ila nyumbani na likafanya wema ugenini, kama vile mtu mkali kwa wanawe awezavyo kumwokoa mtoto wa jirani anayezama. Swali la kimaadili, basi, ni hili: je, haki ya nyumbani na usalama wa ugenini ni mambo mawili yaliyokutana kwa sadfa katika tarehe moja, au ni jambo moja lenye nyuso mbili? Na iwapo ni jambo moja, taifa dogo lisilo na nguvu za kuamrisha ulimwengu lifanye nini?

Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kusimama mahali pamoja, yaani Kisumu Ndogo, kijiji kimojawapo cha mtaa wa Kibera jijini Nairobi, na kwa kutumia zana ambazo idara yetu inazijua: methali na riwaya. Tunadai kwamba fasihi ya Kiswahili imelifikiria suala hili kwa undani kuliko hotuba za wanasiasa, na kwamba jibu lake si jepesi kama wanavyolidhania wale wanaopinga kila safari ya askari nje ya nchi, wala kama wanavyolidhania wale wanaoitetea kila safari.

METHALI TATU

Tuanze na methali, kwa sababu ndimo hoja hii inamosemwa kila siku. Mtetezi wa taifa linalokwenda kutuliza nchi ya wengine hali kwake kunawaka moto anayo methali tayari: mganga hajigangi. Maana ya kawaida ya methali hii ni kwamba ujuzi wa mtu huenda usimfae mwenyewe. Hivyo basi, ugonjwa wa mganga si hoja dhidi ya dawa yake. Mgonjwa wa Haiti hana haja ya kuuliza iwapo tabibu aliyemjia analala usingizi mnono kwake.

Mpinzani naye anayo yake: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa mtazamo wake, heshima ya kimataifa ni mlango uliopakwa rangi, na mwenye kutaka kuijua nyumba hana budi kuingia. Nairobi ni makao makuu ya mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la mazingira na la makazi ya watu, na yote mawili yako Gigiri. Shirika la makazi liliundwa mwaka 1978. Kilomita chache kutoka hapo, katika mji uleule, ndipo penye Kibera, ambayo kwa miaka mingi ilitajwa ulimwenguni kuwa na watu milioni moja au zaidi, hata sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu watu 170,070. Mlango na ndani vilikuwa havijuani hata kwa idadi.

Methali ya tatu yakaa katikati: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hii hutajwa kwa ukarimu, lakini ina ukweli mchungu ndani yake. Yakiri kwamba mwenyeji alikuwa na dhiki kabla ya mgeni kufika, na kwamba kitoweo kinachopikwa kwa ajili ya mgeni ndicho kitakachomfaa mwenyeji pia. Mataifa madogo mengi huendesha siasa zao za nje kwa methali hii. Hutoa huduma kwa walimwengu kwa matumaini kwamba misaada, mafunzo, vifaa na urafiki vitakavyoletwa na huduma hiyo vitamponya mwenyeji.

Ni muhimu kutambua kwamba methali hizi tatu hazipingani kama zinavyoonekana. Tukiisoma ya kwanza kwa makini, tunaona kuwa haisemi mganga hagangwi. Yasema hajigangi. Kitendo kimekanushwa katika hali yake ya kujirejea tu. Nafasi ya kugangwa na mwingine imeachwa wazi, na kwa hakika methali inaihitaji, kwa sababu mganga asiyeweza kujiganga na asiyekubali kugangwa na mwingine atakufa na dawa zake mkobani. Kwa hiyo methali inayotumiwa kumtetea mganga inamtwika pia wajibu, nao ni wajibu wa kujitoa kwa mganga mwenziwe. Tutauita huu wajibu wa kugangwa, nao ndio utakaotuongoza katika makala haya.

KUSADIKIKA NA WAJUMBE WAKE

Katika fasihi ya Kiswahili, maandishi yaliyotangulia kuyaunganisha mambo haya mawili ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Aghalabu riwaya hii husomwa kama istiara ya utawala wa kikoloni, na usomaji huo una msingi wake. Lakini muundo wake una jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili. Kesi ya Karama ni kesi ya ndani ya nchi: ameshtakiwa kwa kutaka kuwafunza watu sheria. Utetezi wake, hata hivyo, unahusu mambo ya nje. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao pande zote, wakapata taabu huko walikokwenda, wakarudi na faida, na malipo yao yakawa kifungo.

Kwa nini mshtakiwa wa kosa la kufunza sheria ajitetee kwa habari za wajumbe? Tunaonelea kwamba hapa mwandishi anatoa hoja. Nchi isiyo na sheria nyumbani haiwezi kumtuma mtu ugenini kwa njia ya haki, kwa sababu haijui namna ya kumpokea akirudi. Kutuma ni rahisi. Kunahitaji amri tu. Kupokea kunahitaji mahakama, kumbukumbu, na shukrani iliyowekwa katika sheria. Mjumbe anayerudi ni kipimo cha nchi iliyomtuma. Ndiyo maana, Karama anaposhinda kesi, ushindi wake ni wa wajumbe pia. Haki yake yeye na haki yao haikuwa mbili.

Tukiushika muundo huu mkononi, tutaona kwamba historia ya Kibera ni sura ya saba ya Kusadikika.

ARDHI YA WALIOTUMWA

Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi waliopewa msitu huo na serikali ya kikoloni walikuwa askari na jamaa za askari. Asili yao ilikuwa Sudan. Waingereza waliwaandikisha tangu siku za Lugard nchini Uganda katika miaka ya 1890, na hatimaye wakaingia katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Walipigana vita vya Waingereza katika nchi zisizokuwa zao. Walipostaafu, waliruhusiwa kukaa Kibera, katika eneo la zaidi ya ekari 4,000 lililotengwa rasmi mwaka 1918. Waliruhusiwa kukaa, lakini hawakumilikishwa. Serikali ya kikoloni iliwahesabu kuwa wapangaji kwa hisani yake, nayo serikali ya uhuru ikairithi ardhi hiyo kama ardhi ya serikali.

Hivyo basi, mtaa ambao ulimwengu umeuzoea kama picha ya ufukara ulianza kama malipo ya usalama wa nje, nayo yakawa malipo nusu. Dola ilitaka mikono ya askari ilimradi isiulizwe habari za hatimiliki. Wajukuu wa askari hao waliendelea kuhojiwa juu ya uraia wao walipoomba vitambulisho. Mwaka 2011, kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki na ustawi wa mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imezivunja haki za watoto wa Kinubi. Hati ya ardhi ya pamoja ilikabidhiwa jamii hiyo mwaka 2017, kwa ekari 288. Mjumbe alipokewa baada ya takriban karne moja, naye alipewa sehemu ndogo sana ya kile alichotengewa.

Kando ya Makina, penye Wanubi wengi, viliota vijiji vingine: Kianda, Soweto, Gatwekera, Lindi, Mashimoni, Silanga, Laini Saba, na Kisumu Ndogo. Jina la Kisumu Ndogo, ambalo husikika Korogocho pia, lina usemi ndani yake. Waliotoka upande wa Ziwa kuja kutafuta kazi jijini walikuja na mji wao. Kivumishi hiki cha udogo hakina dharau. Yamkini kina madai. Chasema kwamba hapa napo ni pao, hata kama hati hazisemi hivyo. Mwenye kodi anamlipa mwenye nyumba, mwenye nyumba ana idhini ya mdomo tu, na ardhi ni ya serikali. Mahali pa namna hii, sheria hujulikana kwa sura ya askari kabla ya kujulikana kwa sura ya haki.

Hapana budi kuutaja uzito wa jambo hili kwa tarakimu. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilihesabu vifo 1,133 nchini. 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Kibera na Kisumu zilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia. Agosti 2017, katika mtaa wa Nyalenda mjini Kisumu, mtoto wa miezi sita alijeruhiwa polisi walipoingia nyumbani kwao, akafa. Ilipita miaka mitano kabla Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kuidhinisha, Oktoba 2022, maafisa 12 washtakiwe. Kisumu Ndogo na Kisumu kubwa ziliunganishwa na jina kwanza, kisha zikaunganishwa na matanga.

MGANGA WA SUDAN

Sasa tuutazame upande wa pili. Haitakuwa insafu kuisema Kenya kana kwamba haijawahi kuwafaa walimwengu. Jenerali Daniel Opande aliongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Sierra Leone tangu mwaka 2000. Jenerali Lazaro Sumbeiywo aliongoza upatanishi uliozaa mkataba wa amani wa Sudan, uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005 na kuvimaliza vita vya zaidi ya miongo miwili. Huo ulikuwa uganga wa kweli.

Miaka mitatu tu baadaye mganga alikuwa kitandani. Januari 2008 Kenya ilihitaji kugangwa, akaja Kofi Annan kutoka Ghana akiongoza jopo la watu mashuhuri wa Afrika, na makubaliano yakatiwa saini tarehe 28 Februari. Hapa ndipo methali yetu inapotimia kwa pande zote mbili. Mganga wa Sudan hakuweza kujiganga, lakini alikubali kugangwa, na kwa kukubali akapona kiasi cha kusimama. Katiba ya mwaka 2010 ni tunda la uganga huo wa kutoka nje pamoja na juhudi za miaka mingi za Wakenya wenyewe.

Kuna tukio la mwezi huo ambalo linastahili kufikiriwa upya. Katika ghasia za Januari 2008 vijana wa Kibera waling'oa reli inayopita mtaani mwao. Ni reli ileile iliyojengwa na Waingereza kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, na mizigo ya Uganda ilikuwa ikipitia hapo. Kung'olewa kwa vipande vile vya chuma kulisikika Kampala na Kigali. Tendo hilo lilikuwa la uharibifu na hatulisifu. Lakini linatufunza kitu ambacho ramani za wizara hazikionyeshi: njia ya usalama na riziki ya majirani ilipita mlangoni mwa watu wasio na hati ya milango yao. Usalama wa nje ulikuwa umejengwa juu ya dhuluma ya ndani kwa maana isiyo ya sitiari kabisa. Mpaka wa Kenya na jirani zake, siku ile, ulikuwa Kibera.

Baada ya kupona, hata hivyo, mganga alianza kuukwepa mkono uliomshika. Kesi zilizofunguliwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zilikutana na upinzani wa kidiplomasia. Septemba 2013 Bunge la Taifa lilipitisha hoja ya kutaka nchi ijitoe katika Mkataba wa Roma. Na kufikia mwaka 2016 kesi zote kuu za ghasia zile zilikuwa zimeporomoka. Wapo waliosema kwamba mahakama hiyo iliwaandama Waafrika peke yao, na dai hilo lina mashiko. Lakini kumkataa tabibu mwenye upendeleo ni jambo moja, na kubaki bila tabibu yeyote ni jambo jingine. Mahakama maalumu ya nyumbani, ambayo Tume ya Waki iliipendekeza ili iwe badala ya ile ya nje, haikuundwa.

NGOME ILIYOGEUKA JELA

Mataifa madogo ya pwani yetu yaliyapitia haya zamani. Baada ya kuwashinda Mombasa na Pate katika vita vya Shela mnamo mwaka 1812, watu wa Lamu waliogopa kulipiziwa kisasi, wakamwita Seyyid Said wa Oman awalinde. Alileta wanajeshi, na ngome ikamalizika kujengwa mnamo mwaka 1821. Mwaka 1824 Mazrui wa Mombasa nao wakamwita Mwingereza, kapteni Owen, wapate bendera ya kuwakinga na Seyyid Said yuyo huyo. Ulinzi huo haukudumu, na kufikia mwaka 1837 Mombasa ilikuwa mikononi mwa Seyyid Said. Kila mji ulijitafutia usalama kwa mkubwa wa nje badala ya kupatana na jirani wa ndani, na wote wakaishia kuwa raia wa aliyeitwa.

Fikiria yaliyozipata kuta zenyewe. Ngome ya Lamu, iliyojengwa kumzuia adui wa nje, iligeuzwa jela katika zama za Waingereza, ikabaki jela hadi mwaka 1984. Fort Jesus nayo ilikuwa jela tangu mwaka 1895 hadi 1958. Wenyeji wakafungwa ndani ya kinga yao wenyewe. Tunaweza kuifanya hali hii kuwa kanuni: ala ya usalama isiyotawaliwa na haki haina upande, itamgeukia yeyote aliye karibu. Watungaji wa wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963 yaelekea waliijua kanuni hii, kwani waliikabidhi haki yenyewe kazi ambayo kwa kawaida hupewa silaha. Wengi huuimba ubeti huo bila kuona kwamba una nadharia nzima ya ulinzi.

PINGAMIZI

Pingamizi la kwanza ni la ubinadamu. Mkazi wa Port-au-Prince aliyezingirwa na magenge hawezi kungoja hadi Kibera ipate hatimiliki. Tukisema kila taifa litakase nyumba yake kwanza, hapatakuwa na taifa litakaloinuka kumsaidia mwingine, na madhalimu watastarehe. Pingamizi hili ni zito, nasi tunalikubali nusu. Usafi kamili hauwezi kuwa sharti. Lakini wajibu wa kugangwa hautaki usafi, wataka uwajibikaji. Swali si iwapo polisi wa Kenya ni malaika, bali ni iwapo askari aliyekosa ana mahali pa kuulizwa. Na hapa umoja wa nyumbani na ugenini hauepukiki, kwa sababu askari ni yuleyule. Mazoea ya mkono wake hayabadiliki kwa kubadilisha uwanja wa ndege. Haiti yenyewe ina kumbukumbu ya jambo hili: kipindupindu kilichozuka huko mwaka 2010 kililetwa kupitia kambi ya walinda amani, kikawaua watu wapatao 10,000, na Umoja wa Mataifa haukukiri dhima yake hadi mwaka 2016. Msaada usiokuwa na mahali pa kuulizwa hugeuka msiba wa pili.

Pingamizi la pili ni la Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Kiingereza wa karne ya 17, nalo husemwa na kila waziri wa usalama: usalama kwanza, haki baadaye, kwa kuwa pasipo amani haki haina pa kukaa. Tulijaribu hoja hii katika uzoefu wa Kenya yenyewe. Oktoba 2011 jeshi liliingia Somalia kwa madhumuni ya kuilinda nchi. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao wenye asili ya Kisomali, walikamatwa Nairobi na kuwekwa katika uwanja wa Kasarani. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mmojawapo wa washambuliaji alikuwa Mkenya aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Adui aliyetafutwa ng'ambo ya mpaka na katika uso wa kila Msomali alikuwa ameketi darasani. Hatusemi kwamba dhuluma ndiyo iliyomfanya muuaji. Hilo lingekuwa kumpunguzia lawama. Twasema kwamba msako wa jumla ulitafuta hatari kwa kutazama kabila, na kwa hiyo haukuweza kuiona. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo haitazamwi kwa darubini. Isitoshe, raia anayemwogopa mwizi na askari kwa kiasi kimoja hampelekei askari habari. Vichochoroni mwa Kisumu Ndogo, haki ndiyo masikio ya usalama.

Pingamizi la tatu ni la udogo. Taifa dogo, husemwa, halina anasa ya kuchagua. Likipewa nafasi ya kuonekana na wakubwa, na lishike. Lakini udogo ndio unaozidisha haja ya haki. Taifa kubwa likikosa heshima bado lina nguvu. Dogo likikosa heshima halina kitu. Tanzania ilipata heshima ya muda mrefu kwa kuwahifadhi wakimbizi na wapigania uhuru, na kwa kumng'oa Idi Amin mwaka 1979. Kisha, Januari 2001, watu zaidi ya 30 waliuawa katika maandamano ya Zanzibar, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Nchi iliyokuwa kimbilio ikawa imezaa wakimbizi wake. Hazina ya miaka mingi ilichotwa kwa siku mbili.

Ipo pia sheria yenyewe. Tarehe 26 Januari 2024, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kuwatuma polisi nje ya nchi kama linavyoweza kulituma jeshi, na kwamba polisi hawawezi kwenda pasipo mapatano ya pande mbili. Tarehe 1 Machi mapatano yalitiwa saini Nairobi na waziri mkuu wa Haiti, ambaye kabla ya nusu ya mwezi huo alikuwa ametangaza kujiuzulu akiwa ng'ambo, bila kuweza kurejea kwao. Twaweza kusema kwamba serikali iliitii mahakama; twaweza pia kusema kwamba iliutafutia uamuzi mlango wa nyuma. Lililo wazi ni kwamba mahakama ilikuwa mganga aliye karibu kuliko wote, tena wa nyumbani, na mgonjwa alimsikiliza huku akitazama saa.

WALE NI SISI

Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1986, alichapisha riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Humo mtu aliyehukumiwa kufa katika nchi ya dhuluma anajikuta ameingia katika nchi ya haki, na jina la nchi hiyo, likikatwa vipande, lasema: wale ni sisi. Wahakiki wameijadili riwaya hii kama ndoto ya jamii isiyo na matabaka. Sisi tunataka kuishika herufi ya jina lake. Jina halisemi kwamba wale ni rafiki zetu, wala kwamba wale ni wateja wetu. Linavunja mpaka wa nafsi katika sarufi: nafsi ya tatu inakuwa ya kwanza.

Ukisimama Kisumu Ndogo ukiwaza Cité Soleil, mtaa wa mafukara wa Port-au-Prince, sentensi hiyo haihitaji ufafanuzi. Mabati, mitaro, magenge, vijana, na askari anayeingia kwa bunduki kabla ya salamu. Mkazi wa Kibera ndiye Mkenya mwenye ujuzi wa kumwambia askari anayepanda ndege namna watu wa mahali kama pale wanavyopenda kuendewa. Hatujui kwamba aliwahi kuulizwa. Lakini sentensi hiyo yamhusu askari pia. Polisi wa Kenya wamekufa Haiti, wa kwanza mwezi Februari 2025. Askari hao ni watoto wa nyumba za kawaida, waliotumwa kwa amri. Tarehe 30 Septemba 2025, Baraza la Usalama liliidhinisha kikosi kikubwa zaidi kishike nafasi ya kile kilichoongozwa na Kenya, na kila mjumbe aliyetumwa hana budi kurudi siku moja. Watakaporudi, nchi itawapokeaje? Je, watarudi Kusadikika, ambako mjumbe hulipwa kwa kusahauliwa, kama alivyosahauliwa Mnubi? Anayewapigania vijana waliopigwa risasi langoni mwa Bunge na anayeipigania fidia ya mjane wa askari hawana kesi mbili.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba haki ya nyumbani na usalama wa ugenini ni jambo moja, kwa sababu tatu. Kwanza, mkono unaotenda ni mmoja. Pili, njia ya kwenda nje hupitia mlangoni mwa mnyonge wa ndani, kama reli ile ilivyopitia Kibera. Tatu, mjumbe hurudi, na kupokewa kwake ni kesi ya haki. Tumekataa rai kwamba taifa lenye kasoro lijifungie ndani. Mganga mgonjwa na aende kwa mgonjwa mwenziwe, maadamu naye yuko tayari kunyosha mkono apimwe: na mahakama zake, na tume zake, na mahakama za bara lake, na raia wa vijiji ambavyo kwa muda mrefu amekuwa akiviingia usiku.

Kwa mhakiki wa fasihi, kuna kazi ya utafiti hapa. Methali, riwaya na majina ya mitaa yetu yamebeba fikra za kisiasa ambazo hatujazikusanya. Mwanafunzi atakayekwenda Kisumu Ndogo kukusanya masimulizi ya watu juu ya askari, wa zamani na wa sasa, waliokwenda na waliobaki, atakuwa anaandika sura ambayo Karama hakuwahi kuimaliza mbele ya baraza lile.